Kisa cha Salim Ahmed Salim: asili inayolala na kuamka kila kiti kikiwa wazi

Siku ile ya Mei 2005 matokeo ya Chimwaga, Dodoma, CCM inachagua mgombea wake wa urais, yanasomwa mimi nilikuwa nimekaa baraza moja Mji Mkongwe, kikombe cha kahawa mkononi, redio ndogo imetundikwa kwenye msumari wa dirisha, watu kama kumi na tano hivi tumebanana tunasikiliza. Kikwete 1072, Salim 476, Mwandosya 122. Basi, ndo imekwisha. Muuza kahawa hata kichwa hakunyanyua, kaendelea kugonga vikombe vyake. Mzee mmoja pembeni yangu, kanzu imepauka, kofia ya kiua, akashusha pumzi akasema, "Afadhali. Yule Hizbu yule." Mimi wakati ule kijana, mdomo hautulii, nikamuuliza, "Kwani mzee wangu, kafanya nini?" Akanitazama kama nimemuuliza jua linachomoza upande gani. "Hana alofanya. Lakini asili yake si unaijua?"

Na anayeniambia hivyo bibi yake mzaa mama Mngazija, upande wa babu kuna Mshihiri, mtaa mzima unajua na mwenyewe huwa anajisifia.

"Hana alofanya." Nimekaa na hiyo kauli miaka yote hii, na ndo maana leo nataka nikichambue hiki kisa taratibu, maana sisi tukiongelea ubaguzi wa rangi kwa viongozi tunakimbilia Marekani, Obama alidaiwa cheti cha kuzaliwa mpaka akakitoa hadharani 2011 na bado kuna waliosema hapana huyu kazaliwa Kenya, tukacheka sana, Wamarekani bwana. Kumbe cha kwetu tunacho, cha siku nyingi, na hakikuhitaji hata cheti.

Kwa wale wadogo ambao Salim wanamsikia tu kama jina. Kazaliwa Zanzibar Januari 1942, baba mwenye asili ya Oman, mama naye mzaliwa wa visiwani mwenye damu mchanganyiko, yaani Mzanzibari wa kawaida kabisa, maana ukianza kuchambua damu za watu Unguja na Pemba utakesha. Mwaka 1964, ana miaka 22 tu, akapelekwa Cairo kuwa balozi. Serikali iliyompeleka ni ile iliyotoka kwenye Mapinduzi, naomba hiyo uishike vizuri tutairudia. Akaenda India, akaenda China, 1970 akatua New York Umoja wa Mataifa akakaa miaka kumi, akaongoza kamati ya kuondoa ukoloni, 1979 akawa rais wa Baraza Kuu. Akarudi akawa waziri wa mambo ya nje, Sokoine alipofariki Aprili 1984 yeye ndo akawekwa waziri mkuu, halafu naibu waziri mkuu na waziri wa ulinzi, halafu 1989 mpaka 2001 katibu mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kule Addis Ababa. Vipindi vitatu. Sidhani kama kuna Mtanzania mwingine ambaye karatasi yake ya kazi ni ndefu hivyo ukimtoa Mwalimu Nyerere.

Sasa huyu mtu kakataliwa nje na kakataliwa nyumbani, kwa sababu zinazopishana kama usiku na mchana, na hapo ndo utamu wa kisa ulipo.

Mara ya kwanza ni 1981. Anagombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Afrika nzima iko nyuma yake, anapambana na Kurt Waldheim wa Austria aliyekuwa anataka kipindi cha tatu. Baraza la Usalama wakapiga kura, raundi ya kwanza Salim akampita Waldheim, kura 11 kwa 10. Lakini Marekani wakamwekea veto. China nao wakamwekea veto Waldheim. Wakarudia. Tena. Tena. Raundi 16, wiki sita, hakuna anayelegeza, mpaka mwisho wote wawili wakajiweka pembeni akaokotwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kwa nini Marekani walikaza vile? Kwa sababu Oktoba 1971, China ya Beijing ilipoingizwa Umoja wa Mataifa na Taiwan ikatolewa, kura 76 kwa 35, ujumbe wa Tanzania ulishangilia mle ukumbini, picha na maneno yakazunguka dunia, eti balozi wa Tanzania kacheza ngoma mbele ya Wamarekani walioshindwa. Balozi wao siku hiyo alikuwa George Bush mkubwa, na 1981 huyo huyo ndo makamu wa rais. Ongeza na mambo ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, Salim alikuwa mstari wa mbele, Washington wakamwona mkorofi.

Mimi sikubaliani na Wamarekani hata kidogo kwenye hilo. Lakini angalia walimkataa kwa nini: kwa alichosema, kwa alivyopiga kura, kwa alichosimamia. Ni visa vya kisiasa, unaweza kubishana navyo, unaweza kusema ndiyo nilishangilia na ningeshangilia tena. Yaani kwa Wamarekani tatizo la Salim ni kwamba alikuwa Mwafrika kupita kiasi. Halafu anarudi nyumbani anaambiwa Uafrika wake hautoshi.

Tuje nyumbani. Hapa inabidi nieleze Hizbu ni nini maana wengine wanalisikia kama tusi tu. Hizbu ndo jina la mitaani la chama cha ZNP, Zanzibar Nationalist Party, kilichopambana na ASP, Afro-Shirazi Party, kwenye chaguzi za miaka ya mwisho ya ukoloni. Uchaguzi wa Juni 1961 ulimwaga damu, watu 68 wakafa. Wa Julai 1963 ASP wakapata kura asilimia 54 lakini viti 13, ZNP na washirika wao ZPPP wakapata viti 18 wakaunda serikali, uhuru ukaja Desemba 10, 1963 na Sultani yupo kitini. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, Mapinduzi. Kwa hiyo neno Hizbu Zanzibar ni zito, kuna watu walinyanyaswa kweli enzi zile, wakafukuzwa mashambani, na kuna watu wengine, maelfu, waliuawa baada ya Mapinduzi kwa sababu tu ya sura zao. Vidonda viko pande zote mbili na mimi siwezi kumwambia mtu mwenye kidonda asikikune.

Lakini neno likishakuwa zito hivyo linakuwa pia silaha tamu. Halihitaji ushahidi, linahitaji sura.

Salim kijana alikuwa Hizbu? Alikuwa, ndiyo. Kwenye umri wa miaka kumi na tisa ishirini hivi alikuwa kwenye ofisi ya Zanzibar kule Havana, upande wa ZNP, kama walivyokuwa vijana wengi waliosoma waliokuwa wanaona mkoloni ndo adui wa kwanza. Lakini 1963 Abdulrahman Babu akajitoa ZNP na kundi la vijana wa mrengo wa kushoto wakaanzisha Umma Party, Salim akiwemo. Na serikali ya ZNP ilipopata uhuru ikawafanya nini hao Umma? Ikawapiga marufuku, Babu akakimbilia Dar. Baada ya Mapinduzi Umma wakaunganishwa na ASP. Kwa hiyo mtu unayemuita Hizbu, Hizbu wenyewe walishampiga marufuku yeye na chama chake. Hii siyo siri ya kufukua makaburini, iko kwenye historia ya kawaida kabisa.

Halafu kuna ile shutuma ya pili, nzito zaidi, kwamba alihusika na kifo cha Mzee Karume. Karume kauawa Aprili 7, 1972. Waliokuwa Umma wengi walikamatwa, Babu mwenyewe akafungwa bara mpaka 1978, kesi ya uhaini ikaendeshwa Zanzibar na watu kadhaa wakahukumiwa kifo. Salim wakati huo yuko New York, balozi wa nchi. Hakushtakiwa. Na baada ya hapo nchi ikamfanya waziri wa mambo ya nje, ikamfanya waziri mkuu, na hii ndo inaniuaga kabisa, ikamkabidhi wizara ya ulinzi. Jamani. Mtu unamshuku kaua mwasisi wa nchi kwa mtutu halafu unampa jeshi? Miaka kadhaa anakaa na majenerali hakuna anayesema kitu, hakuna aliyeandika gazetini kwamba babu yake katoka Oman, asili yake imelala usingizi wa pono.

Ukiipanga miaka kwenye mstari unaona mchezo wote. 1964 ubalozi, kimya. 1970 Umoja wa Mataifa, kimya. 1980 uwaziri, kimya. 1984 uwaziri mkuu, kateuliwa, minong'ono kidogo tu. 1985 Mwalimu anang'atuka, kiti kiko wazi, majina yanayozungumzwa ni Mwinyi, Salim na Kawawa, na inajulikana Mwalimu moyo wake ulikuwa kwa Salim. Ghafla asili ikaamka. Upinzani mkali kuliko wote ukatoka kwa baadhi ya wakubwa wa Zanzibar wenyewe, yule Mwarabu, yule Hizbu, haiwezekani. Akapita Mwinyi. Na hapa kuna kichekesho ambacho watu hawapendi kukitaja: Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, kazaliwa Mkuranga, mkoa wa Pwani, akapelekwa Zanzibar mdogo akalelewa huko. Hakuna ubaya wowote, Zanzibar imejengwa na waliokuja. Ila angalia mizani: aliyezaliwa bara anahesabiwa Mzanzibari safi, aliyezaliwa visiwani anaulizwa kwao wapi. Uzanzibari hapo haukuwa mahali alipozaliwa mtu.

Baada ya 1985 asili ikalala tena. Ulinzi, OAU, miaka kumi na sita hiyo Tanzania nzima inajivunia "kijana wetu Addis". 1989 tulipopata OAU hakuna aliyesema Afrika imepata Mwarabu. Viongozi wa Afrika wakamchagua mara tatu, Waafrika weusi tii na Waarabu wa kaskazini kwa pamoja. Karudi nyumbani, 2005 kachukua fomu. Ikaamka.

Sasa niseme ukweli wa upande wa pili, maana mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, na mshindi naye mpeni yake. Kikwete alikuwa amejipanga. Tangu 1995 alipoongoza raundi ya kwanza halafu akapitwa na Mkapa raundi ya pili kwa kura 47 tu, 686 kwa 639, yeye na wenzake hawakulala. Ule mtandao wao ulikuwa umeshika mikoa na wilaya, wajumbe wanafahamiana kwa majina, nani mtoto wake anaoa lini, nani kafiwa. Alikuwa na miaka 54, anacheka na kila mtu, waziri wa mambo ya nje miaka kumi. Salim ana miaka 63, karibu maisha yake yote ya kazi kayamalizia nje ya nchi, Addis peke yake miaka 12, mjumbe wa mkutano mkuu kutoka wilayani huko Rukwa anamjua kwa redio. Anaongea kibalozi, kila sentensi imepigwa pasi. Ukiniuliza kama angekuwa na rangi ya Kikwete na jina la Kikwete angeshinda, jibu langu ni sidhani, labda angepata kura nyingi zaidi lakini 1072 kwa 476 siyo pengo la fitna peke yake.

Kwa hiyo mimi siyo wale wanaosema Salim alinyimwa urais kwa Uarabu wake nukta. Kura ni ya siri, mjumbe haandiki sababu kwenye karatasi, na hiyo ndo sifa kubwa ya fitna ya namna hii, haiachi risiti. Na wala simsemi mtu fulani kwamba ndo kaianzisha.

Ninachosema ni kingine. Wagombea wote wale walikuwa wanaulizwa kuhusu uchumi, rushwa, elimu, ajira za vijana. Salim aliulizwa hayo na juu yake akaulizwa alikuwa wapi 1963 na baba yake kaja kwa jahazi gani. Ndo ushuru wake. Wenzake wanaingia sokoni bure yeye analipa getini, halafu akifika ndani bidhaa zake wamechelewa kuziona. Mwandosya naye alishindwa, na vibaya zaidi, 122, ila hakuna aliyemtaka aeleze ukoo wake. Kashindwa kama mwanasiasa anavyoshindwa, kenda zake.

Na huo mtego ukikunasa hauna mlango wa kutokea, nimeufikiria sana. Akijibu, basi kampeni yake nzima inakuwa ni maelezo kuhusu Hizbu na Karume, kila akijibu gazeti linapata kichwa cha habari kingine chenye jina lake na neno Hizbu pamoja, na mtu aliyekuwa hajasikia anasikia. Akinyamaza, sisi Waswahili tuna methali imekaa tayari, lisemwalo lipo na kama halipo laja. Hebu iangalie hiyo methali kwa macho ya mtu anayesingiziwa. Lipo, una hatia. Halipo, subiri, linakuja, bado una hatia. Na nyingine, mtoto wa nyoka ni nyoka, hiyo ndo imefunga mlango na komeo, maana hata ukithibitisha wewe hukufanya, babu je?

Akaonyeshwa pia kitu ambacho wachache wanakisema, kwamba utumishi hauhesabiwi. Mtu wa asili ya wengi akitumikia nchi miaka 40 tunasema kaijenga nchi. Wa asili ya wachache akitumikia miaka 40 kuna mtu atasema alikuwa anajificha. Ule ubalozi wa Cairo wa 1964, niliokuambia uushike, ulitakiwa uwe ushahidi kwamba serikali ya Mapinduzi yenyewe ilimwamini, maana nani angejua Hizbu ni nani kuliko waliowapindua? Lakini barazani nilisikia ukigeuzwa juu chini, eti alipelekwa mbali asionekane. Ukifika hapo hakuna hoja tena.

Kwa upande wa bara hadithi ina sura tofauti kidogo. Oktoba 1961, kabla hata ya uhuru, walikuwepo wabunge wa TANU waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi tu, Mwalimu akasimama bungeni akawaka, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kupitisha sheria ya kubagua watu kwa rangi. Ikapita aliyoitaka yeye. Amir Jamal, Mhindi, akawa mbunge Morogoro na waziri wa fedha miaka na miaka, watu walimlaumu kwa bajeti kama waziri yeyote wa fedha anavyolaumiwa. Tunajisifia hilo na tuna haki. Ila hebu jiulize Jamal angechukua fomu ya urais ingekuwaje. Tumekuwa wazuri sana wa kumkubali mtu wa asili ya wachache akiwa fundi, yaani balozi, waziri wa fedha, mtaalamu, mtu aliyeteuliwa ambaye mwenye mamlaka anaweza kumtoa kesho. Akitaka kiti chenyewe, kile cha kuteua wengine, hapo ndo tunaomba shajara ya ukoo.

Kuna mtu ataniambia sasa wewe unataka kiongozi akiwa chotara asihojiwe? Hapana bwana. Ahojiwe mpaka jasho limtoke. Kumuuliza Salim "ulikuwa ZNP, ulijiunga kwa nini, ulitoka kwa nini" ni swali halali kabisa, mtu anayetaka urais maisha yake ni ya umma. Ila swali halali lina tabia mbili. Kwanza linaulizwa kwa wote wenye historia hiyo, na ndani ya CCM ile ile walikuwepo wengine waliotoka Umma na hata Hizbu ambao hakuna aliyewakumbuka kwa sababu sura zao hazikukumbusha. Pili, likijibiwa linakwisha. La Salim lilijibiwa 1964, likajibiwa 1980, likajibiwa 1984, na 2005 likarudi limevaa nguo zile zile.

Mfano wa karibuni wa kuchanganya haya mambo mawili ni lile sakata la bandari na DP World, kampuni ya Dubai, 2023. Kulikuwa na hoja nzito mle, muda wa mkataba, vipengele vya kujitoa, bunge kupewa nafasi gani, wanasheria waliandika na walistahili kujibiwa kipengele kwa kipengele. Halafu katikati ya hoja hizo anachomoka mtu anasema Mzanzibari anauza mali za Tanganyika kwa Waarabu wenzake. Wenzake! Rais Samia. Mama wa Makunduchi. Pale pale hoja ya mkataba ikapoteza nguvu, maana sasa serikali ikapata pa kujificha, ikawa inajibu ubaguzi badala ya kujibu vipengele. Hilo nalo wanaopenda fitna za asili hawalioni, kwamba zinamlinda kiongozi pale anapostahili kubanwa.

Na usidhani neno lenyewe limezeeka. Januari 2016, sherehe za Mapinduzi uwanja wa Amani, uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba umeshafutwa na hali ni tete, vijana wakapita na bango limeandikwa kwa herufi kubwa: Machotara Hizbu, Zanzibar ni nchi ya Waafrika. Walipita mbele ya jukwaa, kwenye sherehe ya serikali. CCM baadaye ikalikana hilo bango. Waliolibeba ukiangalia picha wengi ni vijana wa miaka ishirini na kitu, ZNP imekufa karibu miaka thelathini kabla hawajazaliwa, wamerithi neno tu. Na ningelipa kuona ukoo wa kila aliyeshika ule mti wa bango ukipangwa mpaka kwa mababu, ningelipa pesa nzuri.

Salim mwenyewe baada ya Chimwaga hakupiga kelele. Hakuhama chama, hakuanzisha chake, akafanya kazi ya usuluhishi wa Darfur aliyopewa na Umoja wa Afrika. Mwaka 2019 Wachina wakampa nishani yao ya urafiki, wanakumbuka wale, 1971 mpaka 2019 ni miaka 48.

Yule mzee wa barazani nilimkuta tena. Ilikuwa Aprili 2012, majina ya tume ya katiba ya Jaji Warioba yametangazwa, baraza lile lile, redio imeshabadilishwa sasa iko kwenye simu ya mtu. Likasomwa jina la Salim Ahmed Salim. Mzee akapiga goti lake kwa kiganja, uso umechanua. "Ehee! Huyo mtu wetu huyo, ana akili, Zanzibar haijamzaa mwengine kama yule." Nikamwambia, "Mzee, na ile asili uliyonambia?"

"Asili ipi tena?" akasema, akasukuma kikombe ajaziwe.